Mwaka Niliojifunza Kumwita Shangazi

Tulifika Kabambare mchana, mimi na kaka yangu Alfonsi, kila mmoja nyuma ya pikipiki yake, tumejaa vumbi mpaka kwenye kope. Dereva wangu, kijana wa Salamabila anayeendesha kana kwamba dhahabu yote ya kule inamngoja yeye peke yake, alinishusha kama gunia la mchele mbele ya nyumba ya marehemu Leo, fundi wa mbao. Mjane wake ndiye tuliyekuja kumzika, na uwanja ulijaa watu. Msichana mmoja aliyejifunga kitenge kiunoni akatujia, akatupokea mizigo. "Poleni na safari, wazee. Ninyi ni nani wa marehemu?" Nilifungua mdomo. Alfonsi akaniwahi, kwa neno hili amekuwa mwepesi tangu utoto. "Sisi watoto ya kaka yake. Tunatoka Kasongo." Msichana akatikisa kichwa kwa heshima. "Aa, karibuni. Watoto ya kaka wanakaa kule, chini ya bati. Watoto yake wa tumbo ndio wako ndani, karibu na mwili." Akatuonyesha mkeka.

Mimi si mwanamke wa kuonyeshwa mahali pa kukaa. Nimezalisha wanawake maisha yangu yote, nimefokea waume zao, nimefokea madaktari, na hata padri mmoja aliyetaka kuingia chumbani kabla ya wakati. Lakini siku ile nilikaa pale nilipoambiwa. Alfonsi alinishika kiwiko akasema polepole, "Tulia, dada. Imebaki kidogo." Kutoka ndani nilisikia sauti za wanawake wakilia, "Mama! Mama wee! Mama unatuacha na nani?" nami nikawa nimekaa kwenye mkeka wa watoto wa kaka, nimekunja miguu, napokea pole za watu zilizopimwa kwa kipimo cha shangazi. Maana shangazi analiliwa, ndiyo, lakini analiliwa kwa kiasi. Baada ya muda watu wanakuletea chai.

Aliyelala ndani ndiye aliyenizaa. Hakuwahi kuwa dada wa baba yangu. Alikuwa mke wake wa pili, aliolewa kwa mahari na ngoma, na mimi ni mtoto wake wa kwanza. Duniani tumebaki wawili tu tunaojua jambo hilo, Alfonsi na mimi, na Alfonsi ni mtoto wa mke wa kwanza. Nitasimulia jinsi ilivyokuwa, kwa sababu nimelibeba neno hili mpaka shingo imechoka, na kati ya wazee waliolifunga, yeye wa mwisho ameondoka.

Tulikuwa tunakaa upande wa Lusangi, katikati ya mashamba ya pamba ya serikali. Nyumba zilikuwa mbili zinazotazamana, moja ya Mama Tabu, mke mkubwa, mama yake Alfonsi, na nyingine ya mama yangu Feza. Kati ya nyumba hizo palikuwa na kinu kimoja. Wale wanawake wawili walikuwa wanatwanga pamoja, huyu anainua mchi, huyu anashusha, tu-tu, tu-tu, bila kugongana hata wakiwa wanacheka, na walikuwa wanacheka sana, hasa Baba akipita. Msifikiri walikuwa malaika. Waligombana kwa chumvi, kwa kuni, kwa zamu ya Baba. Lakini mimi nilikula sombe ya majani ya muhogo kwenye nyumba zote mbili bila kuuliza ni ya nani, na nilikuwa na mama wawili, mmoja mnene mwenye subira, na mmoja mwembamba mwenye mdomo. Huo mdomo ndio niliorithi.

Alfonsi na mimi tulisoma kwenye kanisa la nyasi la kijiji, kwa katekista, madarasa mawili. Kisha katekista akamwita Baba, akamwambia masomo ya pale yamefika mwisho. Darasa la tatu lilikuwa misioni, karibu na Kasongo, kwa mapadri upande wa wavulana na kwa masista upande wa wasichana. Na darasa hilo lilipokea watoto wa kijiji cha misioni tu, wale ambao wazazi wao wanakaa kwenye ardhi ya misioni, kwenye nyumba zilizopangwa kwa mstari. Baba alirudi, hakugusa chakula. Tulikula ugali wake umepoa. Mama yangu akasema, "Sema tu. Uso wako unasema tayari."

Wakaanza kutafuta mahali pa kukaa. Nakumbuka maneno yale kwa sababu sisi watoto tuliachwa tusikilize, jambo lisilo la kawaida, na kwa sababu sombe ya siku ile ilikuwa na karanga. Baba alianza na Salamabila. "Mudogo wangu iko kule kwa kazi ya dhahabu. Kampuni iko na shule." Mama Tabu akauliza, "Na nyumba ya kampuni iko namna gani?" Baba akakuna kichwa. "Chumba kimoja. Bwana mumoja, bibi mumoja." "Basi nenda," akasema Mama Tabu, "mimi na Feza tutabaki kuvuna pamba yako." Baba akaruka hadi Nyangwe, ambako alikuwa na rafiki mtoni. "Nyangwe kuna nini?" akauliza mama yangu. "Kuna samaki." "Aka! Veronika atasoma samaki?" Tukacheka, hata mimi Veronika, hata Baba. Halafu ikaja Kasongo mjini, kwa waungwana, Waislamu wa mji, maana mzee mmoja wa kule, Mzee Ramazani, muuza nguo, alikuwa amemwambia Baba mara nyingi ahamie kwao: kwetu mutu anakaa na bibi zake wawili, watatu, na kila mumoja anasalimiwa kwa jina lake. Baba alilipenda wazo hili, niliona. Huko angekaa na familia yake nzima kwa heshima. Lakini shule ya huko ilikuwa chuo cha Kurani, watoto walijua kusoma kwa sauti tamu, na kutoka hapo hapakuwa na njia ya kwenda kwenye kazi ya hospitali. Mama yangu akatikisa kichwa. "Mimi nataka ile ya masista."

Alikuwa na sababu yake. Mwaka uliotangulia alizaa mtoto amekufa, akabebwa kwenye machela hadi zahanati, na huko msichana mweusi, kijana kabisa, amevaa gauni jeupe, alimwosha, akakaa naye, akazungumza naye kama binti na mama yake. Mama alimuuliza, wewe umezaliwa na nani mpaka ukajua haya? Yule akasema, nimesoma kwa masista. Tangu siku ile Mama alikuwa ananitazama kwa jicho la mtu anayepima kitambaa.

"Misioni hawapokei mutu wa bibi wawili," Baba alisema. "Padri atanipa ndoa ya kanisa na bibi wa kwanza. Wa pili arudi kwa kaka zake." Hakumtazama mama yangu. Hakuna aliyemtazama. Mama Tabu akasema, "Basi Alfonsi na Veronika walime pamba, wengine wanalima na hawajafa." Ndipo mama yangu akaramba mafuta ya mawese kidoleni, akasema kama anayeomba chumvi: "Mutu mwenye bibi mumoja, anaweza kukaa na dada yake?" Baba akasema anaweza, kwa nini asiweze. "Basi mimi nitakuwa dada yako." Mama Tabu alicheka mpaka akaweka bakuli chini. Akafuta machozi kwa kanga, akamtazama mwenzake, akaona hacheki. Naye akaacha.

Baba alipata karatasi ya kuhama kutoka kwa bwana wa serikali, nasi tukaondoka na kuku, masufuria, na kinu alichobeba Baba mwenyewe kichwani. Safari ile ndiyo iliyokuwa shule yangu ya kwanza ya mwaka ule. Mama alikuwa anatembea mbele yetu watoto. Alituambia mimi na Alfonsi: kuanzia mto huu, mama ni Tabu. Mimi ni shangazi yenu. Alikuwa na karanga zilizokaangwa kwenye pindo la kitenge, na anayemwita vizuri alipewa. Alfonsi, mlafi yule, alimwita Shangazi njia nzima, mpaka akaumwa na tumbo. Mimi nilikuwa nasahau. Nilikuwa naita "Mama, miguu inaniuma," naye hageuki. Nilikuwa naita tena, nalia, hageuki, kisogo chake kinaendelea kwenda mbele yangu, na kinu cha Baba kinaendelea mbele yake. "Shangazi!" Hapo anageuka mara moja, anakuja, ananibeba, ananisugua miguu kwa mate na majani. Hakunipiga hata mara moja. Hakugeuka tu. Nilijifunza, mtoto anajifunza.

Nyumba ya misioni ilikuwa ya matofali, vyumba viwili, dirisha lenye mlango wa mbao. Ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Tulikuwa hatujawahi kukaa kwenye nyumba ambayo pembe zake zinalingana. Baba na Mama Tabu walilala chumba kimoja, na mama yangu alilala na sisi watoto. Zamu zikaisha. Nilikuwa sielewi maana yake wakati ule, lakini nilielewa kwamba Baba sasa akiingia alikuwa anasimama kidogo kati ya milango miwili, kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua, kisha anakwenda upande wa Mama Tabu. Mama ndiye aliyeikaza sheria hiyo. Nilimsikia akimwambia pembeni ya jiko, akipepeta mchele: "Mutu haendi kwa dada yake. Ukija mara moja, utakuja mara mbili, na siku moja mutoto wa jirani ataona." Baba akasema jina lake, Feza, hivyo tu. Yeye akaendelea kupepeta.

Baba na Mama Tabu walifuata mafundisho, wakabatizwa, wakafunga ndoa ya kanisa. Mama yangu, dada wa bwana arusi, alipika tangu alfajiri. Alipika wali wa Kasongo na kuku, alikuwa na kilemba kipya, na walipotoka kanisani alipiga vigelegele kuwashinda wote, mpaka wanawake wakasema, huyu wifi anampenda wifi yake kweli. Mama Tabu alikuwa analia kwenye gauni lake la kuazima. Watu walifikiri ni furaha. Jioni waliosha masufuria pamoja, na Mama Tabu akasema, "Feza, mimi naona haya." Mama yangu akamjibu, "Haya ya nini? Uliolewa mbele yangu, ukaolewa tena mbele yangu. Mimi nimekula mara mbili." Huyo ndiye alikuwa mama yangu.

Na shule, ee Mungu wangu, shule! Nisipoisema nitakuwa nimewadhulumu. Tulikuwa na benchi lenye mgongo. Tulikuwa na kibao kila mtu na chake. Sista mmoja mwenye masharubu membamba alitufundisha kuhesabu kwa mbegu za mahindi, na mwingine alitufundisha kushona pindo, kuosha mtoto, kuchemsha maji, kwa mdoli wa kitambaa aliyepoteza jicho. Nilikuwa namuosha mdoli yule kwa makini kuliko mtu yeyote. Nikirudi, mama yangu alikuwa ananingoja kwenye kinu. "Leo mumefundishwa nini?" Nilikuwa nachukua kibuyu namwonyesha: hivi kichwa, hivi shingo, mkono wako chini hivi, Shangazi. Naye alikuwa anarudia na kibuyu chake, anacheka peke yake, anamwita Mama Tabu aje aone. Furaha ile ilikuwa ya kweli. Ndiyo maana siwezi kuulaani mwaka ule wote, ingawa kuna siku natamani.

Kosa letu lilikuwa moja, na ni la watu wa kwetu. Tulifikiria bibi, tulifikiria padri, tulifikiria majirani na watoto. Tulisahau kwamba dada huolewa. Mwanamke mzima, mwenye nguvu, mwenye mdomo mtamu, anakaa kwa kaka yake bila mume: huyo ni mtu anayengoja kuposwa, na kaka yake ndiye wa kuulizwa. Wanaume wakaanza kupita. Mmoja alileta samaki. Mwingine alikuja kusaidia kuezeka jiko lisilovuja. Baba akawafukuza, huyu mvivu, yule mlevi, na kila alipofukuza mtu alikuwa anatazama nyumbani kwa jicho ambalo kaka hana. Mke wa katekista wa misioni aliliona jicho hilo. Alikuwa mwanamke wa kuona. Alimwambia Mama Tabu kisimani, kwa sauti ya chini lakini mbele ya wengine: "Mume wako anamlinda dada yake sana. Kwetu kaka hamtazami dada yake akiinama." Mama Tabu alirudi na ndoo nusu. Maji mengine aliyamwaga njiani.

Mnaelewa lililokuwa limetupata? Kuwa na wake wawili, kwa misioni, ilikuwa dhambi ya kufukuziwa. Lakini lile lililoanza kusemwa sasa lilikuwa uchafu ambao hata kijijini kwetu, hata kwa mababu, mtu angechomewa nyumba. Katekista mwenyewe, Mwalimu Silvesteri, mtu mpole mwenye kikohozi, alikuja siku ya mvua, akakaa kwenye kiti, akakubali kahawa. Alisema kuna Mkristo mzuri, mjane, fundi wa mbao aliyeletwa kutengeneza milango ya kanisa, jina lake Leo, kwao ni Kabambare. Ana watoto wadogo wasio na mama. Amemwona Feza, ameuliza kwa njia ya heshima. "Kaka yake anasema nini?" aliuliza Mwalimu Silvesteri. Mvua ilikuwa inapiga majani ya paa. Baba alisema atafikiri. Mwalimu akakohoa, akasema, "Fikiri upesi, ndugu yangu. Watu wanasema maneno, na mimi sitaki kuyapeleka kwa padri."

Alipoondoka walikaa watatu, na mimi nilikuwa nimejilaza kwenye mkeka, nimefumba macho, sijalala. Baba alisema, "Turudi Lusangi. Sasa hivi. Nitafunga mizigo." Mama Tabu akasema, "Ndiyo, turudi, tumechoka." Mama yangu akanifunika kitenge pale mkekani. Kisha akasema, "Veronika ameanza kujua kuosha mutoto." Baba akagonga kiti. "Feza, weye ni bibi yangu!" "Sauti yako," akasema. "Mimi si bibi yako kwenye nyumba hii. Nilijiondoa mwenyewe, sikuondolewa na mutu. Ukirudi Lusangi leo, watasema tumekimbia kwa sababu ni kweli, dada na kaka. Neno hilo litamfuata huyu mutoto mpaka kaburini. Na shule imekwisha." Baba alilia. Sikuwahi kumsikia mwanaume analia, nilifikiri anakohoa kama Mwalimu. "Huyo Leo unamutaka?" akauliza. "Ana mikono mizuri," Mama akasema. "Na watoto wake wanavaa nguo zilizopasuka." Hilo ndilo jibu alilolitoa, na mpaka leo sijui lilikuwa jibu la mapenzi au la huruma, wala sikuwahi kumuuliza.

Wakaja kumposa kwa utaratibu wote. Leo alikuwa mrefu, mpole, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya, ingenirahisishia. Walikaa mbele ya Baba, wazee wa kwao na Mwalimu Silvesteri, wakamletea jembe, kitambaa, na mbuzi jike mweupe mwenye sikio jeusi. Baba yangu, aliyewahi kutoa mahari ya mwanamke huyo kwa mikono yake, alinyoosha mikono ile ile akapokea mahari yake. Ilibidi aseme maneno ya kaka: namtoa dada yangu, mkamtunze, akikosa mrudisheni kwangu. Hapo kwenye "mrudisheni kwangu" sauti ilikatika. Wageni wakashangilia, wakasema, huyu ni kaka anayependa dada yake. Mke wa katekista akashangilia pia, ameridhika. Mama yangu alikuwa amekaa ndani, amefunikwa kitenge, na mkono wake ulikuwa umeshika wangu chini ya kile kitenge kwa nguvu mpaka kucha zikaingia.

Waliondoka kwenda Kabambare asubuhi, kwa miguu, Leo mbele na vyombo vyake vya useremala begani, watoto wake, kisha yeye. Kijiji kizima kilitoka kuaga. Mimi nilikuwa nimeahidi kutulia. Nilikuwa nimetulia kweli, mpaka nilipoona kile kisogo, kisogo nilichokifuata njia nzima kutoka Lusangi, kinakwenda bila mimi. Nikapiga kelele: "Mama!" Watu wakageuka kunitazama. Yeye hakugeuka. Na Mama Tabu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akaitika haraka haraka kwa sauti kubwa, "Abee, mwanangu, niko hapa!" akanishika mabega, akanibana kwenye tumbo lake. Nikajitoa nikaita tena: "Shangazi!" Hapo akageuka. Alisimama, akatutazama wote, Baba, Mama Tabu, Alfonsi, mimi, akapunga mkono, akasema kwa nguvu ili nisikie: "Soma!" Kisha wakaingia kwenye manyasi.

Baba alimchukua yule mbuzi akaenda naye Lusangi kwa kaka zake Mama, kaka zake wa kweli, kwa sababu mahari ilikuwa yao. Alirudi na mbuzi. Walimwambia, "Weye ulimuoa dada yetu zamani, ukatupa mahari. Hii tena ni ya nini? Unamuoa mara ya pili?" Wakacheka, wakamkaribisha ugali. Hakuweza kuwaeleza, akala, akarudi. Mbuzi yule hakuchinjwa. Alizaa, na watoto wake wakazaa, na Baba hakula nyama yao hata siku ya Krismasi, hata alipougua na Mama Tabu akamwomba apate mchuzi. Nilipoitwa kwenye shule ya wakunga, wawili wa ukoo ule, wenye sikio jeusi, ndio waliouzwa. Baba aliwafungua kamba mwenyewe. Na Mama Tabu, tangu asubuhi ile, alitwanga peke yake. Tu. Tu. Tu. Ule mchi mwingine aliuegemeza ukutani, na tulipohama nyumba ile alihama nao.

Mama yangu nilimwona mara nyingi baada ya pale. Alikuja kwenye ubatizo, kwenye vilio, kwenye arusi yangu, na kila mara aliketi mahali pa shangazi, akatoa zawadi ya shangazi, akatia utani wa shangazi. Alimzalia Leo watoto, akawalea wale aliowakuta kama wake. Wazungu walipoondoka, na sheria za kijiji cha misioni zikaondoka nao, nilikwenda Kabambare mbio, nimevaa gauni langu jeupe la kazi. Nilimkuta anampaka mafuta mtoto wa mwisho wa Leo. Nilimwambia sasa inatosha, hakuna wa kutufukuza tena, nataka kukuita Mama. Alinitazama yale mavazi kwanza, kola, vifungo, akanyoosha mfuko wangu kwa kiganja. Akasema, "Ukisema, ndoa yangu na Leo inakuwa nini? Huyu mutoto anakuwa wa nani? Padri atanipokonya Ekaristi, na Leo atajua alimuoa bibi ya mutu." Akamfunga mtoto nepi. "Nilikupa shule. Hili la kuita niachie mimi." Nilikasirika. Nilikaa mwaka bila kwenda. Kisha nilikwenda, kwa sababu nilikuwa na njaa ya kumwona.

Juzi, basi, Kabambare, walituita kuaga mwili. Watoto wa tumbo waliaga kwanza, kisha wakwe, kisha wajukuu, kisha majirani wa karibu, na mwisho wakaita watoto wa kaka. Alfonsi alinishika mkono mpaka mlangoni akaniachia. Ndani walikuwa wamemvika gauni la bluu na rozari. Alikuwa amepungua, mdogo kama msichana, na walikuwa wamemlaza ubavu, uso umeelekea ukutani, kwa sababu, binti yake mmoja alinieleza, mgongo wake uzeeni ulikataa kunyooka. Niliona kisogo. Nywele zimekuwa nyeupe, lakini kisogo ni kile kile. Yule binti akasema, "Muage tu, dada, alikuwa anakutaja sana, anasema, Veronika wa kaka yangu amesoma," akatoka kwenda kuwaita wabeba jeneza. Tukabaki wawili. Nikainama karibu na sikio lake, nikasema kwa sauti ya chini, "Mama."

Nikangoja. Mimi mkunga, nimewafumba macho maiti wengi, najua mtu aliyekufa ni aliyekufa. Nikangoja hata hivyo. Halafu nikasema, "Shangazi."